Kisu cha Zawadi na Kidole Kisichokunjika

Likizo ya Desemba inapofika, mjomba anayefanya kazi ng'ambo hurudi nyumbani na sanduku lililojaa vitu vya kugawia jamaa. Akina mama hupata mitandio, wasichana hupata saa za mkononi, na yule kijana wa miaka kumi na miwili hupata kisu cha kukunja, chekundu, chenye mkasi na kifungua kopo ndani yake. Kijana hulala nacho chini ya mto. Haipiti siku ya tatu kabla hajaonekana jikoni ameushika mkono wake, damu ikitiririka hadi kwenye kiwiko.

Msomaji, ikiwa jambo hili halijatokea kwako, huenda limetokea kwa jirani. Mimi mwenyewe nina kovu kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, nililolipata nikimenya muwa kwa kisu nilichopewa kwa kufaulu mtihani. Nilibahatika kwa kuwa mkato haukwenda ndani.

Hebu kwanza tukiangalie kisu chenyewe. Fundi Karl Elsener wa kijiji cha Ibach, Uswisi, alianza kuwauzia wanajeshi wa nchi yake visu vya kukunja mwaka 1891, na kile cha maafisa kikafuata mwaka 1897. Visu vingi vidogo vya zawadi vinavyouzwa leo hufuata mtindo huo. Ubapa wake hushikiliwa na springi tu, wala hakuna kifungio cha kuuzuia usirudi. Ukikata kwa kuvuta, hakuna tatizo. Lakini mtoto akikitumia kutoboa, au kuchokoa kitu kigumu kwa ncha, springi hushindwa nguvu na ubapa hujifunga. Vidole vinavyozunguka mpini viko pale pale unaporudia. Ndiyo sababu mikato mingi ya visu hivi hupatikana upande wa ndani wa vidole, na upande huo ndio mbaya zaidi.

Njia ya pili ya kujikata ni kushika kitu kiganjani na kukikata kuelekea kiganjani. Watu wazima nao hufanya hivi kila siku. Mtu hushika parachichi kwa mkono mmoja, akaidunga kokwa yake kwa ncha ya kisu, kokwa ikateleza na kisu kikaingia kiganjani. Tena msidanganyike kwamba kisu butu ni salama kwa mtoto. Kisu butu hudai nguvu nyingi, na nguvu nyingi ndizo hufanya mkono uteleze.

Sasa damu inatoka. Usikimbilie majivu, unga wa kahawa wala mafuta taa. Vitu hivi huingiza uchafu kwenye jeraha, na daktari hupoteza muda kuvitoa kabla hajaona chochote. Spiriti nayo usiimimine ndani ya jeraha, kwa maana huunguza nyama iliyo hai. Chukua kitambaa safi, kikunje, kikandamize juu ya mkato kwa nguvu, na uinue mkono juu ya kiwango cha moyo. Kandamiza dakika kumi kamili kwa saa, bila kuchungulia. Wengi hukosea hapa, kwani kila unapochungulia unabandua damu iliyokuwa imeanza kuganda. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake. Usifunge kidole kwa uzi au mpira ulioukaza, na ikiwa kuna pete, ivue mapema kabla kidole hakijavimba. Damu ikitulia, osha jeraha kwa maji safi yanayotiririka.

Baada ya hapo mzazi hutazama na kuona mkato wenyewe ni mdogo, pengine sentimita moja. Huweka plasta na mambo yakaishia hapo. Lakini jeraha dogo la kisu laweza kuwa la kina, na hili ndilo ninalotaka ulikumbuke, hata ukisahau mengine yote.

Kila kidole, ukiacha kidole gumba, hukunjwa na kano mbili zinazopita upande wa ndani. Kano ni zile kamba nyeupe ngumu zinazounganisha msuli na mfupa. Moja hukunja kiungo cha kati, nyingine hukunja pingili ya mwisho yenye ukucha. Hii ya pili ikikatika, kidole bado hukunjika katikati na mzazi huona kizima. Mpime mtoto hivi: mwambie alaze mkono mezani kiganja kikiwa juu, ushikilie kiungo cha kati kisisogee, kisha umwambie akunje ncha peke yake. Rudia kwa kila kidole. Kisha mwambie afumbe macho, uguse pande zote mbili za ncha ya kidole kwa pamba. Mahali asipohisi, yawezekana mshipa wa fahamu umekatwa.

Ncha isipokunjika, au isipohisi, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata kama damu imekoma na mtoto amerudi kucheza. Mpeleke pia ikiwa mkato ni wa kina upande wa ndani na anahisi maumivu makali anapojaribu kukunja, kwa sababu kano iliyokatika nusu huweza kukunja leo na kukatika kabisa baadaye. Kano iliyokatika haibaki mahali pake. Huvutwa na msuli kuelekea kiganjani, kama mpira uliokatwa ukiwa umevutwa. Ikishonwa siku chache za mwanzo, matumaini ni mazuri. Majuma yakipita, upasuaji huwa mgumu zaidi na wakati mwingine lazima ufanywe mara mbili. Hata baada ya kushonwa vyema, kidole huhitaji kufungiwa kibao kwa majuma kadhaa na mazoezi ya taratibu chini ya uangalizi. Mzazi asiyaonee haya maswali, amwulize daktari wazi, "Umepima kano?"

Na kama kipande cha kidole kimekatika kabisa, kifunge kwa kitambaa safi chenye unyevu, ukitie ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji, kisha mfuko huo uuweke ndani ya maji yenye barafu. Barafu isiguse nyama.

Jambo jingine ni pepopunda. Watoto wetu huchanjwa wakiwa na majuma 6, 10 na 14, na akina mama huchanjwa tena wakiwa waja wazito. Wanaume wazima ndio wengi wao hawakumbuki sindano yao ya mwisho. Kwa jeraha la kina au lenye uchafu, ikiwa imepita miaka mitano tangu sindano ya mwisho, mweleze mwuguzi. Mwenye kisukari naye asidharau hata mkato mdogo.

Waingereza wana desturi kwamba anayepewa kisu humrudishia aliyempa senti, ili kisu kisije kikakata urafiki. Mimi ningetaka mtoaji ndiye atoe zaidi: nusu saa ya wakati wake. Na wewe mjomba, ikiwa lazima ununue kisu, nunua chenye kifungio, kisha uketi na mtoto barazani na kipande cha mche wa sabuni. Mwonyeshe kukata kuelekea nje ya mwili. Anyooshe mkono na kuuzungusha, na asikifungue kisu ikiwa kuna mtu ndani ya duara hilo. Maskauti hufundishwa hivyo. Ampe mwenzake kisu kikiwa kimekunjwa. Kikianguka, akiache kianguke. Shuleni kisiende kamwe. Na kabla ya kuaga, mwachie mama yake ufunguo wa kabati kitakamowekwa.