Swali la Mtawala na Swali la Ubatizo

Watu wengi hufikiri ya kuwa mtesi wa imani huja sikuzote na upanga mkononi. Sivyo. Mara nyingine huja kwanza na amani na maneno matamu. Upanga hutokea baadaye.

Padri Robert Hugh Benson, Mwingereza, alilieleza jambo hilo katika kitabu alichokitoa mwaka 1907. Kinaitwa Lord of the World, maana yake Bwana wa Ulimwengu. Papa Fransisko alikitaja katika mahubiri yake mwaka 2013. Kitabu hicho si unabii; ni hadithi iliyobuniwa juu ya nyakati zijazo, ili msomaji aonywe.

HADITHI

Mataifa makubwa yako karibu kupigana vita. Anatokea mtu mmoja, jina lake Felsenburgh, mwenye kujua lugha nyingi. Anayapatanisha mataifa, na watu wanampa utawala kwa shangwe, kwa kuwa amewaondolea hofu.

Kisha inaletwa ibada mpya, ambayo ndani yake wanadamu wanajiabudu wenyewe mahali pa Mungu. Anayepanga taratibu zake ni padri aliyeiacha imani. Roma inaangamizwa kwa vyombo vinavyoruka angani. Mwishowe inatolewa sheria: kila mtu aulizwe kama anamsadiki Mungu. Anayekana, aende zake; anayekiri, auawe.

Yumo pia mwanamke aitwaye Mabel, aliyempenda sana mtawala huyo. Anapoona damu inamwagwa kwa jina la amani, tumaini lake linavunjika. Lakini hana Mungu wa kumkimbilia. Anakwenda katika nyumba ambamo serikali huwaua bila maumivu wale wasiotaka kuishi tena.

MAFUNDISHO

Kwanza: mtu mwenye hofu huuza uhuru wake upesi. Watu wa hadithi hii hawakunyang'anywa dhamiri zao. Walizitoa wenyewe, kidogo kidogo, wakiogopa vita na wakiogopa kuwa tofauti na wenzao.

Pili: umoja si kufanana kwa lazima. Kidole na jicho ni vya mwili mmoja, wala havifanani. Kanisa huwaunganisha watu kwa upendo. Mtawala yule aliwaunganisha kwa kuwanyamazisha.

Tatu: Mkristu huwatii wakubwa wa nchi na kulipa kodi. Yezu Kristu mwenyewe aliamuru Kaisari apewe yaliyo ya Kaisari. Lakini dhamiri ni ya Mungu.

Katika Kongo, Mwenye Heri Isidori Bakanja alilishuhudia neno hili kwa mwili wake. Msimamizi Mzungu alimwamuru kuvua skapulari ya Bikira Maria. Ilikuwa kipande kidogo cha kitambaa tu, na kukivua kungalimwokoa. Bakanja alikataa, akapigwa vikali, akafa kwa vidonda vyake tarehe 15 Agosti 1909. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri mwaka 1994.

Basi, mkatekumeni na aangalie vema. Siku ya Ubatizo Kanisa litamwuliza kama anamsadiki Mungu. Ndilo swali lile lile la mtawala katika hadithi! Mtawala huuliza ili apate kuua. Kanisa huuliza ili mtu apate uzima. Na kila mtu mzima hujibu kwa kinywa chake mwenyewe: si kwa kuwa jirani amejibu, wala kwa kuwa kijiji kizima kinabatizwa. Anayejibu kwa kufuata wengine tu, kesho atakana kwa kufuata wengine.

MAULIZO

1. Kwa nini watu walimpa Felsenburgh utawala?
Kwa sababu waliogopa vita, naye aliwaletea amani.

2. Je, ni dhambi kuwatii watawala?
Hapana, ni wajibu, isipokuwa wakiamuru jambo lililo kinyume cha Mungu.

3. Mkatekumeni ajitayarisheje kwa swali la Ubatizo?
Ajifunze imani, asali kila siku, na aizoeze dhamiri yake kusema kweli katika mambo madogo, hata akiwa peke yake.