Bei Zilishuka, Kibarua Kikaota Nyasi

Mimi nasoma uhandisi, si uchumi. Lakini mhandisi yeyote anajua kwamba kipimo kimoja hakitoshi. Leo tulione hilo kwa wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza, kati ya vita vikuu viwili.

Tuanze na gharama za maisha. Tukizihesabu bei za Julai 1914 kuwa 100, kipimo cha serikali kilifika 276 mwishoni mwa 1920. Mwaka 1933 kilikuwa kimeteremka hadi 140 hivi. Gawanya 140 kwa 276, unapata 0.51. Yaani kikapu cha pauni 1, ambayo wakati ule ni shilingi 20, sasa kilipatikana kwa shilingi 10 na kitu. Nafuu kubwa, au siyo?

Ngoja kwanza. Mwaka 1920 migodi ya makaa iliajiri zaidi ya watu milioni 1.2, mwaka 1938 walibaki chini ya laki 8. Meli zilihamia kwenye mafuta, makaa ya Poland na Ujerumani yalichukua wateja, na mashine za kukatia zikapunguza mikono. Mwaka 1925 serikali ikairudisha pauni kwenye dhahabu kwa thamani ya kabla ya vita, hivyo makaa ya Uingereza yakawa ghali kwa wanunuzi wa nje. Wenye migodi wakataka kufidia kwa kukata mishahara na kuongeza saa za kazi. Mei 1926 vyama vingine viligoma pamoja na wachimbaji kwa siku 9 tu. Wachimbaji waliendelea peke yao kwa miezi, hadi njaa ikawarudisha kazini.

Mshahara halisi ni mshahara gawanya kwa bei. Aliyebaki na kazi ya kudumu alifaidi bei kushuka. Lakini Merthyr Tydfil, kusini mwa Wales, mwaka 1934 zaidi ya nusu ya wafanyakazi wenye bima hawakuwa na kazi. Sifuri, jamani, uigawanye kwa bei yoyote, inabaki sifuri! Na tangu 1931, aliyemaliza haki yake ya bima alipimwa kipato cha nyumba nzima: kijana akipata kibarua, posho ya baba inapunguzwa.

Kwa hiyo ukisoma kwamba mfumuko wa bei umeshuka nyumbani, usishangilie kabla ya kuuliza: wangapi wana kazi, na wanalipwa kwa saa ngapi?