Kifua Hutangulia, Hewa Hufuata: Kufundisha Somo la Upumuaji

Aghalabu mwalimu mwanafunzi aingiapo darasani kufundisha upumuaji huandika ubaoni kwamba hewa ikiingia mapafuni, kifua hutanuka. Sentensi hiyo ni fupi, na wanafunzi huinakili upesi. Lakini imegeuza mambo juu chini. Si hewa inayokitanua kifua. Kifua hutanuka kwanza, ndipo hewa ikaingia. Tungependa katika makala haya kuonyesha namna ya kulifundisha jambo hilo moja, kwa sababu lisipoeleweka, majina ya viungo hubaki kuwa orodha ya kukariri tu.

Uzito wa kosa hilo tuliuona tulipokuwa tukisimamia mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi. Mwalimu aliwaagiza wanafunzi waweke mikono mbavuni na kuvuta pumzi. Msichana mmoja akanyosha mkono, akasema, "Mwalimu, mimi nimeziba pua na kufumba mdomo, na mbavu zangu zimeinuka vile vile." Akajibiwa kwamba hakufuata maagizo, akaketi. Darasa likacheka. Kwa maoni yetu, mtoto yule ndiye pekee aliyefanya jaribio la kisayansi asubuhi ile. Wala hakunyosha mkono tena hadi kengele ilipolia. Tulipozungumza na mwalimu baada ya kipindi, alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama angeruhusiwa kulirudia somo.

Jaribio la msichana huyo halihitaji zana yoyote, nasi tunashauri somo lianzie hapo. Kila mwanafunzi atoe pumzi, afumbe mdomo, azibe pua kwa vidole, kisha ajaribu kuinua mbavu zake kana kwamba anavuta pumzi. Mbavu zitainuka kidogo, naye atasikia mvuto kooni. Aachiapo pua, hewa itaingia kwa kasi. Hapo mwalimu aulize: ni kipi kilichotangulia? Wasiharakishwe kujibu.

Maelezo yafuate baadaye. Kifua ni mfano wa sanduku lenye jozi 12 za mbavu, na sakafu yake ni kiwambo, yaani ule msuli mpana utenganishao kifua na tumbo. Kikiwa kimelegea, kiwambo hukaa kama bakuli lililofudikizwa. Kikikaza, hushuka na kunyooka, huku misuli iliyo kati ya mbavu ikiziinua na kuzisukuma nje. Nafasi ndani ya kifua huongezeka, kani ya hewa humo hupungua ikawa chini ya ile ya nje, na hewa hupita puani, kooni na katika bomba la hewa hadi mapafuni. Mapafu yenyewe hayana misuli ya kuyatanua. Hufuata ukuta wa kifua, yakiwa yameshikamana nao kwa utando wenye majimaji machache. Misuli ilegeapo, mapafu hunywea kama mpira ulioachiwa, na hewa hutoka. Ndiyo maana mtu aliyetulia hatumii nguvu kutoa pumzi. Kama yuko mhunzi karibu na shule, wapelekwe watoto wakamtazame: ainuapo ngozi ya mivukuto, hewa huingia yenyewe, wala hakuna aipulizaye ndani.

Zana iliyozoeleka ni chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, yenye puto ndani lililofungwa kwenye mrija upitao mdomoni mwa chupa, na kipande cha mpira kilichotandazwa chini. Mpira ukivutwa, puto hujaa. Ni zana nzuri, mradi mrija uzibwe barabara pembeni, kwani tundu dogo tu huharibu kazi yote. Lakini tumewahi kumwona mwalimu ambaye puto lake lilikataa kujaa, akalipuliza kwa mdomo kupitia mrija! Kwa pumzi moja alifuta yote aliyoyafundisha. Yafaa pia kasoro za zana hiyo zitajwe waziwazi: ukuta wa chupa hausogei kama mbavu, kati ya puto na chupa pana nafasi kubwa, ilhali mapafu hukijaza kifua, na mapafu si mifuko mitupu. Ili kuliondoa wazo hilo la mwisho, nunua mapafu ya mbuzi, yale ambayo wauza nyama huyaita mapupu. Kata kipande ukitie majini: kitaelea. Watoto wakibonyeze chini ya maji waone mapovu, kisha wanawe mikono kwa sabuni. Hewa hiyo imo katika vifuko vidogo mno, ambavyo katika mapafu ya mtu mzima hufikia mamia ya mamilioni. Humo ndimo oksijeni inamoingia katika damu na kaboni dayoksaidi inamotoka.

Jambo moja zaidi. Katika shule iliyo kando ya ziwa au bahari, mwalimu ataulizwa: mbona aliyezama hupulizwa mdomoni, na kifua chake kikainuka? Swali hili ni jema, wala halipingi somo. Misuli ya aliyezama imekoma kufanya kazi, hivyo kani hutoka katika kifua cha mwokoaji. Kwa mtu huyo, ile sentensi ya ubaoni ni kweli. Nayo hewa anayopulizwa bado ina faida. Tuvutayo ina oksijeni asilimia 21 hivi. Tuitoayo bado inayo asilimia 16 hivi, na kaboni dayoksaidi kama asilimia 4 tu. Mtoto aliyefundishwa kwamba tunavuta oksijeni na kutoa kaboni dayoksaidi, bila maelezo zaidi, atadhani mwokoaji anamtia mwenzake sumu.