KITEGA UCHUMI: TUYAJUE MAJENGO YA BIASHARA

Ukipita mjini Kapsokwony jioni baada ya masomo, hukosi kuona mtu akijenga. Mchanga umemwagwa kando ya barabara, fundi yuko juu ya ngazi, na ukiuliza kinachojengwa utajibiwa neno moja tu: "Maduka." Ndiposa nikaonelea nieleze kwamba majengo ya biashara ni ya aina nyingi, na kila aina hulipa kwa njia yake.

Kwanza lugha, kwani hili ni jarida la chama cha Kiswahili. Mali ya namna hii huitwa kitega uchumi. Unatega kama mtu ategaye ndege, kisha unangoja. Ndege mwenyewe ni kodi, na neno hilo nalo lina mtego wake: pesa ambazo mpangaji humlipa mwenye nyumba ni kodi, na zile ambazo mwenye nyumba huilipa serikali pia ni kodi. Ili tusichanganyikiwe, ya mpangaji nitaiita kodi ya pango, na ya serikali nitaiita ushuru. Vilevile kupanga ni kazi ya mpangaji, kupangisha ni kazi ya mwenye jengo. Kuna wenzetu wanaosema "babangu amepanga maduka manne" ilhali baba huyo ndiye landilodi!

Tuanze na hayo maduka ya vyumba. Tuseme mzee fulani ametumia shilingi 2,000,000 kujenga vyumba vinne, na kila chumba kinapangishwa kwa shilingi 4,000 kwa mwezi. (Hesabu hii ni ya kubuni, usiende kumwuliza mtu.) Kwa mwaka atapata shilingi 192,000. Lakini chumba kimoja kikikaa miezi mitatu bila mtu, ondoa 12,000. Ondoa tena 30,000 za rangi, vitasa, choo na ada za kaunti. Zinabaki 150,000, yaani asilimia 7.5 ya pesa alizoweka. Itamchukua zaidi ya miaka 13 kurudisha pesa zake. Si vibaya kama ni akiba yake mwenyewe. Lakini kama alikopa pesa zote kwa riba ya asilimia 15, riba ya mwaka wa kwanza ni karibu 300,000. Maduka yanaleta 150,000. Nusu iliyobaki itatoka wapi? Itatoka kwa ng'ombe na shamba la mahindi, na watoto wataona karo ikichelewa.

Tena asidhani ule ushuru mwepesi wa kodi ya pango, uliopunguzwa hadi asilimia 7.5 kuanzia Januari 2024, unamhusu. Huo ni wa nyumba za kuishi. Mapato ya maduka huhesabiwa pamoja na mapato mengine ya mtu.

Jambo ambalo wengi hapa hawalijui ni kwamba mpangaji wa duka ana sheria inayomlinda. Shangazi yangu ni fundi wa cherehani. Wakati mmoja mwenye chumba alimjia Jumatatu akamwambia ahame kufikia Jumamosi, eti kuna mtu ameahidi kulipa zaidi. Shangazi akaanza kufunga vitambaa. Kumbe Kenya ina Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, Sura ya 301, iliyoanza mwaka wa 1965! Inasema hivi: ikiwa hakuna mkataba wa maandishi, au upo lakini hauzidi miaka mitano, mwenye nyumba hawezi kumtoa mpangaji wala kupandisha kodi ya pango kwa mdomo. Lazima atoe notisi kwa fomu iliyowekwa, yenye sababu, na notisi hiyo haiwezi kuanza kufanya kazi kabla ya miezi miwili kwisha. Mpangaji asiporidhika anapeleka malalamiko mbele ya baraza maalum la kuamua kesi za kodi za majengo ya biashara, kabla ya siku ya notisi kufika. Na "duka" katika sheria hiyo ni neno pana. Mahali popote pa kutoa huduma kwa malipo pamo, kwa hiyo kinyozi na fundi cherehani hawakuachwa nje. Mtu mmoja aliyesoma alimweleza shangazi hayo, naye akamjibu mwenye chumba kwa barua. Mpaka leo yumo, na cherehani inalia.

Mwekezaji naye ajue sheria hiyo kabla ya kujenga, asije akadhani mpangaji ni kuku wa kufukuzwa kwa mkono.

Aina ya pili ni ofisi. Hapa kwetu zilianza kutafutwa Mlima Elgon ilipofanywa wilaya mwaka wa 1993, na kaunti zilipoanza kazi mwaka wa 2013 wapangaji wakazidi. Ofisi hazichakazi jengo kama hoteli, lakini usitegemee malipo ya kila tarehe mosi. Madeni ya kaunti kwa wafanyabiashara ni habari ya kila mwaka magazetini.

Gesti na hoteli ni tofauti kabisa, kwa sababu chumba hulipiwa usiku kwa usiku. Kitanda kisipopata mgeni leo, pesa ya leo imekwenda na hairudi. Mbuga ya Mlima Elgon ilitangazwa mwaka wa 1968, ila watalii wengi hupanda kupitia Kitale na Endebess, lango la Chorlim. Anayejenga gesti upande wetu ajenge kwa ajili ya maafisa, wafanyabiashara na wageni wa harusi, asimngoje Mzungu mwenye kamera.

Hosteli za wanafunzi zimestawi karibu na Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichopata hati yake mwaka wa 2015. Sihitaji kueleza sana. Wanafunzi wakifunga chuo, vyumba vinalala.

Mimi ninayoipenda zaidi ni gudauni, yaani ghala. Reli ilifika Kitale mwaka wa 1926, na maghala ya nafaka yameupa mji ule nguvu hadi leo. Tangu Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka wa 2019, mkulima anaweza kuweka mahindi katika ghala lililoidhinishwa, akapewa stakabadhi, na stakabadhi hiyo akaipeleka benki kama dhamana ya mkopo. Hivyo mwenye ghala analipwa ada, na mkulima haharakishi kuuza wakati bei iko chini. Sasa jiulize, mbona sisi tunaolima viazi na vitunguu tunajenga duka la tano la sukari na sabuni palepale penye manne, ilhali viazi vinaozea kwenye magunia mvua ikinyesha?

Kwa kweli swali la kwanza si jengo litakuwa zuri namna gani, bali mpangaji atapata wapi pesa. Webuye ni ushahidi. Kiwanda cha karatasi cha Pan African Paper Mills kilianza kazi mwaka wa 1974, na mji ukajaa vyumba vya kupangisha. Kilipofungwa mwaka wa 2009, wafanyakazi walihama, wenye maduka wakakosa wateja, na wenye majengo wakabaki na funguo mkononi. Kuta hazikuanguka, ila mishahara ilikoma.

Kuna hata njia ya kuwekeza bila kushika sepeto, yaani kununua vipande vya mfuko unaomiliki majengo. Mfuko wa Fahari, wenye jumba la maduka la Greenspan mtaani Donholm, Nairobi, uliingia Soko la Hisa mwezi wa Novemba 2015 kwa shilingi 20 kila kipande. Mwaka wa 2023 wawekezaji wadogo waliotaka kutoka walipewa shilingi 11, na Februari 2024 mfuko ukaondolewa kwenye soko kuu. Kwa hiyo hata jumba la vioo linaweza kukupunguzia pesa.

La mwisho ni ardhi yenyewe, na sisi wa mlima huu tunaujua uchungu wa ardhi yenye ugomvi. Ploti nyingi za sokoni nchini hushikiliwa kwa barua ya ugawaji. Mwaka wa 2023, katika kesi ya Torino Enterprises, Mahakama ya Juu ilisema barua hiyo peke yake haimpi mtu umiliki. Kabla ya kumwaga hata ndoo moja ya mchanga, nenda ofisi ya ardhi ukafanye upekuzi wa hati, uone ni jina la nani lililoandikwa mle.