YALIYOACHWA NA MSUMENO

Wasafiri wa barabara kuu ya Iringa na Mbeya, wafikapo Mafinga, huona malundo ya namna mbili. La kwanza ni la mbao, nalo lina mwenyewe, bei na mlinzi. La pili ni la mabanzi na unga wa mbao. Mara nyingi hilo hutiwa moto, likafuka moshi mchana na usiku. Hata hivyo yote mawili yametoka katika mti mmoja, uliotunzwa miaka mingi katika Shamba la Miti la Sao Hill, lililo kubwa kuliko yote ya serikali, au katika shamba la mkulima wa Mufindi.

Mara nyingi nusu ya gogo haifiki kuwa mbao. Je, nusu hiyo ni takataka? Twajibu: sivyo. Ni mali iliyokosa kazi ya pili. Kuipatia kazi hiyo ndiko wataalamu wa leo wanakokuita uchumi wa mzunguko: kinachosalia katika kazi moja kiwe mwanzo wa nyingine.

Jambo hili si geni katika nyanda zetu. Huko Njombe kampuni ya TANWAT, iliyoanzishwa mwaka 1949 kwa zao la miwati, ilipata mwaka 1995 mtambo wa umeme wa megawati 2.5 uliotumia mabaki ya miti kuwa kuni.

Na jamaa zisizo na mtambo zifanyeje? Mabanzi yafaa kwa ua, zizi na kuni. Maranda na unga mkavu vitandazwe katika banda la kuku au zizi la ng'ombe, vinyonye mkojo na samadi. Kisha virundikwe, vilowanishwe na kugeuzwa hata vioze na kuwa vyeusi. Ndipo viende shambani. Mtu asiruke hatua. Unga mbichi ukifukiwa shambani, vijidudu viuozeshavyo huinyang'anya mimea naitrojeni, na mahindi hugeuka manjano. Hapo kosa si la unga, ni la haraka.

Lakini yako mabaki yasiyofaa kabisa kuingia nyumbani. Vipande vya nguzo na mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, zenye rangi ya kijani, mara nyingi huwa na arseniki, iliyo sumu kali. Visiwe kuni, wala maranda yake yasitandazwe bandani. Moshi na majivu yake hudhuru, nao watoto ndio waketio karibu na meko. Kitu cha bure chaweza kutugharimu sana.

Basi, mwenye mashine asiwashe kibiriti kabla ya kumwuliza mfugaji aliye jirani. Lundo linalofuka huharibu vifua vya watu, na wakati wa kiangazi cheche moja yatosha kuteketeza msitu uliotulisha sote.