Somo la Mbu Katika Birika

Mtoto mdogo hufahamu kwa jicho kabla ya kufahamu kwa neno. Basi mwalimu na achote maji yaliyotuama birikani, ayatie katika bilauri, aifunike kwa kitambaa chepesi, awaonyeshe wanafunzi kila siku.

Wataona viluwiluwi vikipanda kuvuta pumzi, kisha vikishuka. Hivyo vimetoka katika mayai ya mbu jike. Naye ndiye pekee anywaye damu, apate kutunga mayai. Kiluwiluwi hujivua ngozi mara nne, kikageuka umbo, kikajikunja, kisile kitu. Kisha gamba hupasuka, akatoka mbu mwenye mbawa. Wakati wa joto hayo hutimia kwa siku 10 hivi.

Wala asiseme mtu: birika limetimia kulateni, halinajisiki kwa mbu. Ni kweli, lakini maji yaweza kuwa tohara na yakalea mbu waletao malaria na matende. Udhu wasihi, na mtoto augua.

Basi birika na lifunikwe, na mitungi isuguliwe kila juma. Aliyepigiwa mfano katika Suratul Bakara, aya ya 26, hafai kudharauliwa.

Wallahu aalam.