Roark Hana Shangazi

Haya wadogo zangu, mmenichokoza wenyewe. Niliitaja hapa riwaya ya Ayn Rand, The Fountainhead, nikasema atakayeisoma aniambie ameionaje. Nilitegemea jumbe mbili tatu. Zimemiminika, na mmegawanyika kama Simba na Yanga siku ya watani.

Kijana mmoja anayesomea usanifu majengo anasema ameirudia mara mbili, na ameshaamua: akipata kazi hatamtumia mtu hata senti, kila mtu abebe mzigo wake. Dada mmoja muuguzi, anayesomesha wadogo zake, anasema aliifunga katikati kwa hasira. Kwake hicho ni kitabu cha walioshiba, kinachomtukana kila anayeamka alfajiri kwa ajili ya wengine. Wote wawili wananitaka niseme nani yuko sahihi.

Kwa ambaye hajaisoma, riwaya hiyo ilitoka Marekani mwaka 1943, baada ya wachapishaji 12 kuikataa. Mhusika mkuu ni Howard Roark, msanifu majengo kijana. Chuo kinamfukuza kwa sababu hataki kuiga majengo ya kale. Akianza kazi anakosa wateja, na anapopata tenda nono ya benki anaikataa kwa kuwa wanataka kulibandika jengo lake uso wa Kigiriki. Anaona heri akapasue mawe machimboni. Baadaye anachora kwa siri mradi wa nyumba za watu wa kipato cha chini, kwa sharti moja tu: zijengwe kama alivyozichora. Wanazivuruga. Anahakikisha hakuna mtu ndani, anazilipua kwa baruti, kisha anasimama mahakamani na kujitetea kwa hotuba ndefu. Anaachiwa huru.

Hotuba hiyo ndiyo iliyowagombanisha. Roark anasema kila jambo jipya limetoka kwenye akili ya mtu mmoja, na anayeishi kwa akili za wenzake ni kupe. Kujitoa mhanga kwa ajili ya wengine, kwake, si wema. Rand hakuwa anatania: mwaka 1964 alitoa kitabu cha insha ambacho jina lake lenyewe linausifu ubinafsi.

Nianze na wewe kijana. Una haki, lakini nusu tu, na nusu hiyo utaiona vizuri kwa Peter Keating kuliko kwa Roark. Peter alitaka kuwa mchoraji wa picha. Mama yake, mjane mwenye nyumba ya kupangisha wanafunzi, akaona usanifu majengo una heshima zaidi. Peter akatii. Akapata cheo na sifa, akamwacha Katie aliyempenda, akaoa mwanamke ambaye watu wangemwonea wivu kwa kuwa naye. Karibu na mwisho, akiwa ameisha kabisa, anampelekea Roark picha alizokuwa akizichora mafichoni. Anasimama kando akingoja, kama mtoto anayesubiri daftari lake lisahihishwe. Roark anazitazama moja baada ya nyingine, kisha anamwambia kwa upole kwamba amechelewa. Katika riwaya yenye baruti na kesi, mimi niliumia hapo.

Wangapi kati yenu mnasoma kozi aliyoichagua baba mdogo? Wangapi mnachumbiana na mtu kwa sababu atapendeza kwenye picha za harusi? "Watu watasemaje" imeharibu maisha ya wengi, na Rand aliliona hilo kwa jicho kali. Mpeni haki yake.

Wasichana, nina neno na nyinyi kabla sijaendelea. Kuna usiku Roark anaingia chumbani kwa msichana aitwaye Dominique, Dominique anapigana naye, na mwandishi anataka tuamini kwamba hayo ni mapenzi. Rand alilitetea tukio hilo maisha yake yote. Mwaka 1975 Susan Brownmiller alilikosoa kwa ukali katika kitabu chake kuhusu ubakaji, na nipo upande wake. Kitabu kinachohubiri kwamba mtu asiamuliwe na mwingine, hapo kimemnyang'anya msichana uamuzi wake. Mwanamume akikwambia mdomo wako ulikataa lakini macho yalikubali, chukua mkoba wako uondoke.

Sasa dada muuguzi. Wewe pia una haki. Roark hana baba, hana mama, hana ndugu. Hakuna mtoto wa kulea wala mzee wa kuogesha. Roark hana shangazi anayempigia saa nne usiku kumwambia mjomba amelazwa na hospitali inataka malipo ya awali. Ni rahisi kusimama peke yako mwandishi akishakufagilia ukoo mzima!

Ila ukipata nafasi, fungua tena sehemu ya kwanza, mtafute Henry Cameron. Ni mzee mlevi, msanifu aliyewahi kuvuma na sasa hana kitu, na ndiye aliyemlea Roark kikazi. Anapougua Roark anakwenda, anakaa naye mpaka dakika ya mwisho. Halafu kuna Steven Mallory, mchongaji aliyekata tamaa ya maisha. Roark anamfuata mpaka chumbani kwake, anamsikiliza, anampa kazi. Hakuna aliyemlazimisha. Mtu huyu anajua kutoa. Kinachomshinda ni kuamrishwa kutoa. Kijana wetu ameikariri hotuba ya mahakamani na kupita kando ya kitanda cha Cameron bila kukiona.

Na mwandishi mwenyewe? Rand alizaliwa St. Petersburg, Urusi, mwaka 1905. Wabolsheviki walilitwaa duka la dawa la baba yake kwa jina la umma, na familia ikaonja njaa. Ukijua hilo utaelewa kwa nini alishtuka kila aliposikia neno "jamii". Lakini alipofika Marekani mwaka 1926 alifikia wapi? Kwa ndugu za mama yake, Chicago. Wakampokea, wakamlaza, wakamlisha, wakamwezesha kusafiri kwenda Hollywood kutafuta bahati yake. Na riwaya hii ya mtu asiyemhitaji mtu aliitabaruku kwa mume wake, Frank O'Connor. Simwiti mnafiki. Nasema tu kwamba hata yeye alianzia kwa ndugu.

Mnaopenda mada hii, msiishie kwa Rand. Someni pia Dunia Uwanja wa Fujo ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1975, siku za Ujamaa. Mhusika wake mkuu, Tumaini, naye anachukua sheria mkononi baada ya mali yake kutaifishwa. Anaua kiongozi wa serikali, na mwisho wake ni kitanzi. Kezilahabi hakumpa hotuba ya kumwokoa. Vitabu viwili, hasira moja, na waandishi wawili wasiokubaliana mtu mmoja anaweza kufika wapi akisimama dhidi ya wote. Ukivisoma pamoja utabishana na vyote viwili, na hapo ndipo utakapojua wewe unaamini nini.

Haya, hukumu mliyoidai. Kijana, chagua kazi yako mwenyewe, mchoro wako mwenyewe, na mke wako mwenyewe. Mtu asikupangie. Lakini kuhusu hizo senti, rudi kwenye kitabu unachokipenda. Roark alijisomesha kwa vibarua vya ujenzi. Wewe ada yako imetoka mfukoni mwa mtu, pengine kwa kuuza ng'ombe au kukopa kikundi. Kwa mizani ya Roark mwenyewe, anayepokea jasho la mwenzake kisha akakunja mikono ndiye kupe. Kwa hiyo lipa kwanza, halafu uje tuzungumze uhuru.

Dada muuguzi, kusomesha wadogo zako hakukufanyi mtumwa, maadamu ni wewe uliyeamua. Nina wasiwasi na sehemu ambayo hukuiamua: harambee za harusi za watu usiowajua, binamu anayekopa kila mwisho wa mwezi, na hasira unayoimeza kila unapotuma. Kaa na wadogo zako. Waambie utatoa kiasi gani, mpaka mwaka gani, na wao watachangia nini. Kwa wengine wote, jifunze kusema "mwezi huu sina" bila kueleza sababu. Watanuna, watazoea.

Kisha kimalizie hicho kitabu. Si lazima ukipende. Nataka tu ukikichukia, uwe umekichukia mpaka ukurasa wa mwisho.